Uzi: Protista ni viumbe wa namna gani, na kwa nini mafungu matatu ya shuleni hayatoshi

Mwalimu_Hadubini (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu nyote. Ninafundisha bayolojia katika shule moja ya upili hapa Nairobi. Muhtasari unaosambazwa na wanafunzi katika makundi ya WhatsApp unawagawa protista katika mafungu matatu, yaani wanaofanana na wanyama, wanaofanana na mimea na wanaofanana na kuvu, kisha unaishia hapo kana kwamba hizo ni koo tatu. Mafungu hayo yanatueleza jinsi kiumbe anavyojipatia chakula, jambo ambalo lina maana yake, lakini hayatuelezi kiumbe huyo ana undugu na nani. Na undugu huo unamgusa mkulima wa viazi, mfugaji wa ng'ombe na mgonjwa wa malaria kuliko wengi wanavyodhani. Nitaandika kwa awamu, na mwenye ujuzi wa kazi anakaribishwa kuongezea.

Tuanze na mpaka. Protista ni kiumbe yeyote ambaye seli yake ina kiini kilichozungukwa na utando, lakini si mnyama, si mmea wa nchi kavu, wala si kuvu. Fasili hiyo inataja zaidi kile ambacho kiumbe huyo sicho, na udhaifu wa kundi zima unatokana na hapo. Mjerumani Ernst Haeckel ndiye aliyependekeza himaya ya Protista mwaka 1866, wakati ambapo kila kiumbe kililazimishwa kuwa ama mmea ama mnyama. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker akaiweka katika mfumo wa himaya tano, ambao ndio msingi wa yale tuliyofundishwa Kidato cha Tatu, ambako himaya hiyo huitwa Protoktista. Uchunguzi wa DNA uliofuata umeonyesha kwamba ndani ya himaya hiyo mmekusanywa koo nyingi zilizotengana zamani mno, kiasi kwamba wapo protista wa majini, wenye mjeledi mmoja, yaani uzi wa kuogelea kama mkia, uliozungukwa na kola ya vijinywele, ambao undugu wao na wanyama, sisi wanadamu tukiwemo, ni wa karibu kuliko undugu wao na amiba au yuglena.

Hata hivyo kuna sifa zinazoonekana kwa wengi wao. Takriban wote wana mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, au mabaki yake. Wengi ni wa seli moja, na seli hiyo moja hula, hujongea, hutoa taka na kuzaliana bila msaada wa seli nyingine, kwa hiyo si haki kuiita sahili. Seli ya paramesiamu, protista wa bwawani wa seli moja, ina kazi nyingi kuliko seli ya ini lako. Wote huhitaji maji au unyevu, iwe ni baharini, bwawani, kwenye udongo au ndani ya damu na utumbo wa kiumbe mwingine. Wanaoishi katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hukabiliwa na maji yanayopenya utando bila kukoma, na wale wasio na ukuta mgumu hupasuka wasipoyatoa, ndiyo maana wengi wao wana vakuoli, yaani kifuko, inayojaa na kusinyaa mfululizo ili kuyasukuma nje. Kuzaliana kwao aghalabu ni kwa kujigawa, ingawa wengi pia wana njia ya kijinsia ambayo huitumia hali inapokuwa ngumu.

Ukubwa wao unatofautiana ajabu. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kubakiwa na nafasi, ilhali kelpi, ambao ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi, hufikia urefu wa makumi ya mita. Wote wawili wamewekwa chini ya jina moja.

Mwalimu_Hadubini

Awamu ya pili: wale wanaokula kwa kumeza au kufyonza, ambao vitabu huwaita protozoa. Desturi ni kuwatenga kwa jinsi wanavyojongea.

Amiba hutoa miguu bandia, yaani sehemu ya seli hutiririka mbele na nyingine kufuata, na kwa miguu hiyo hiyo humzingira mlo wake na kumfungia ndani. Amiba wa bwawani, Amoeba proteus, anaweza kufikia nusu milimita, hivi kwamba mtu mwenye macho makali humwona kama nukta bila hadubini. Wapo jamaa wa mwendo huu wanaojijengea maganda ya chokaa, nao huitwa foraminifera. Chokaa iliyojenga mapiramidi ya Giza imejaa maganda yao.

Wenye silia wamefunikwa na vijinywele vifupi vinavyopiga kwa mpangilio. Paramesiamu ndiye mfano wa kila kitabu, na anastahili: ana kiini kikubwa kinachoendesha kazi za kila siku na kiini kidogo kinachotunza urithi, ana mfereji wa mdomo ambao silia husukumia bakteria ndani yake, na mara kwa mara paramesiamu wawili hushikana na kubadilishana sehemu za viini vidogo kabla ya kuachana. Huo ni ujinsia bila kuzaa, kwa maana wanaingia wawili na kutoka wawili. Katika kundi hili kubwa ni mmoja tu anayejulikana sana kwa kumwambukiza mwanadamu, Balantidium coli, ambaye kwa kawaida hukaa kwa nguruwe.

Wenye mijeledi ndio wanaotusumbua zaidi katika ukanda huu. Tripanosoma huletwa na mbung'o na kusababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Amefunikwa na tabaka la protini ya aina moja, na kinga ya mwili inapoitambua protini hiyo na kuanza kumshambulia, baadhi ya tripanosoma huwa tayari wamevaa nyingine kutoka katika hazina ya mamia ya jeni, kwa hiyo homa hupanda na kushuka kwa mawimbi na chanjo haijapatikana. Kwa watu nchini Kenya hali ni nzuri sasa: mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale yametokomezwa kama tatizo la afya ya umma, jambo ambalo wazee wa Bonde la Lambwe, lililowahi kusumbuliwa sana na ugonjwa huo, wangelitilia shaka siku za nyuma. Leishmania naye, anayeletwa na usubi, bado anaua kwa kala-azar, ugonjwa unaovimbisha wengu na ini, huko Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na kaskazini mashariki, na usubi hao hujificha katika vichuguu vya mchwa.

Ninaomba mzingatie hili: tripanosoma na leishmania wana undugu na yuglena, yule wa kijani anayeogelea bwawani na ambaye muhtasari umemweka katika fungu la wanaofanana na mimea. Yuglena ana mjeledi, hana ukuta wa seli, na akikosa mwanga hula kama mnyama. Kloroplasti yake, yaani kijisehemu cha kijani kinachofanya usanisinuru (kutengeneza chakula kwa mwanga), aliipata baadaye, babu yake alipommeza mwani wa kijani na kutommeng'enya.

Kupe_na_Ng'ombe

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni daktari wa mifugo, eneo langu ni Kabete hadi Limuru. Umeruka kundi ambalo kwa wafugaji ndilo kubwa kuliko yote, wale ambao wakiwa wakubwa hawana miguu bandia, silia wala mijeledi. Kama hukuwa umepanga kuliandikia, naomba ruhusa niseme neno kuhusu taileria.

Theileria parva ndiye anayesababisha ndigana kali, ugonjwa ambao ng'ombe wa gredi aliyenunuliwa kwa mkopo huanguka nao ndani ya wiki chache, tezi chini ya masikio na mbele ya bega zikiwa zimevimba na mapafu yamejaa maji. Huletwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Kinachomtofautisha kimelea huyu ni kwamba haishii kujificha ndani ya chembe nyeupe ya damu. Huilazimisha chembe hiyo kujigawa bila kikomo, na inapojigawa, yeye hujishikiza kwenye nyuzi zinazovuta kromosomu na kugawanywa pamoja nayo, kila chembe mpya ikirithi fungu lake. Chembe hizo hutenda kama saratani. Lakini ukimwua kimelea kwa dawa ya buparvakwoni mapema, chembe huacha wazimu huo na kurudi katika hali yake, jambo ambalo saratani ya kweli haifanyi.

Kinga yake ilitengenezwa hapa hapa jirani, Muguga. Ng'ombe hudungwa vimelea hai wa aina tatu, waliohifadhiwa katika naitrojeni kimiminika yenye baridi kali, na wakati huo huo hupewa antibayotiki ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini ili ugonjwa usimzidi nguvu kabla ya kinga kujengeka. Njia hii ni ya gharama na inahitaji mtu aliyefunzwa, na nimewasikia wafugaji wakilalamika kuhusu bei, lakini ng'ombe aliyepona kwa njia hiyo hukaa na kinga kwa muda mrefu.

Mwalimu_Hadubini

Marahaba Daktari, na asante. Nilikuwa nimeliwekea kundi hilo awamu yake, kwa kuwa ndilo linalonithibitishia hoja yangu kuu.

Kundi hilo huitwa apikompleksa. Karibu wote ni vimelea, na kila mmoja katika hatua fulani ya maisha ana kifaa maalumu kwenye ncha ya seli cha kupenyea ndani ya seli ya mwenyeji. Ndani yake mna plasmodiamu wa malaria, taileria, eimeria wa kuku, toksoplasma wa paka na kriptosporidiamu wa kuhara.

Daktari Mfaransa Alphonse Laveran alimwona plasmodiamu mwaka 1880 katika damu ya askari mgonjwa huko Constantine, Algeria, na wenzake hawakumwamini kwa muda kwa kuwa wakati ule kila mtu alikuwa akitafuta bakteria. Miaka 17 baadaye Ronald Ross, akiwa India, akamwonyesha ndani ya tumbo la mbu. Mbu jike wa anofelesi akikuuma hukuachia vimelea wembamba wanaokwenda moja kwa moja kwenye ini, wanazaana huko kimyakimya kwa siku kadhaa bila wewe kujua, kisha hutoka kwa maelfu na kuingia katika chembe nyekundu. Kwa Plasmodium falciparum, ambaye ndiye anayetawala Kenya, kila mzunguko ndani ya damu huchukua takriban saa 48, na chembe zinapopasuka pamoja ndipo mgonjwa hutetemeka. Ni kwa sababu ya siku hizo za kimya kwenye ini mkazi wa Nairobi aliyetoka Kisumu au Kilifi hurudi akiwa mzima na kuugua akiwa ameshaanza kazi.

Sasa, plasmodiamu huyu anayekula damu ana ndani yake mabaki ya kloroplasti. Hayana klorofili na hayafanyi usanisinuru, lakini yana DNA yake yenyewe na tando nne, ushahidi kwamba babu wa ukoo huu alimmeza mwani mwekundu. Kimelea hawezi kuishi bila mabaki hayo kwa kuwa hutengenezewa humo malighafi za kemikali anazozihitaji. Doksisaiklini, dawa ambayo wengi wanaijua kama ya bakteria, huwasaidia wasafiri kujikinga na malaria kwa sababu huvuruga utengenezaji wa protini katika mabaki hayo. Taileria na toksoplasma wanayo vilevile, kriptosporidiamu aliyapoteza. Muhtasari unaosema kwamba plasmodiamu anafanana na wanyama hauwezi kumweleza mwanafunzi kwa nini dawa hiyo inafanya kazi.

Kuku_wa_Ruai

Mwalimu, nafuga kuku wa nyama huku Ruai na nimesoma hadi hapa kwa makini. Kuku wakiharisha damu huwa ninapewa dawa ya salfa au ampuroliamu kwenye duka la agroveti, na muuzaji huniambia ni antibayotiki. Je, eimeria ni bakteria au ni hao mnaowajadili? Na kwa nini ugonjwa hurudi hata baada ya kumwagia banda dawa ya kuua vijidudu?

Kupe_na_Ng'ombe

Mwalimu akiniruhusu, nitajibu hili. Eimeria ni protista, si bakteria. Ampuroliamu si antibayotiki hata kidogo. Umbo lake linafanana na vitamini B1, kimelea huichukua badala ya vitamini yenyewe na kukosa nguvu, na ndiyo sababu kumpa kuku vitamini B1 nyingi siku hizo hizo za dawa ni kujipinga mwenyewe. Salfa hufanya kazi kwa kuwa kimelea hujitengenezea foleti yake, ilhali kuku huipata katika chakula.

Kuhusu kurudi kwa ugonjwa, eimeria hutoka katika kinyesi akiwa ndani ya ganda gumu ambalo dawa nyingi za kunyunyizia haziwezi kulipenya. Lakini ganda hilo linapotoka bado halijaweza kuambukiza. Linahitaji joto, hewa na unyevu kwa siku moja au mbili ndipo likomae. Adui yako mkubwa kwa hiyo ni matandazo yaliyolowa, hasa pale chini ya vinyweshea. Ukiyaondoa na kuweka makavu, umefanya kazi ambayo dawa ya kunyunyizia haiwezi.

Mwanafunzi_wa_Mwisho

Hamjambo walimu. Mimi bado niko shuleni na nina swali kuhusu mwani. Tulipokwenda Ziwa Nakuru tuliambiwa kwamba flamingo hula mwani unaoitwa spirulina na kwamba ndio unaoyafanya maji kuwa ya kijani. Je, huo ni protista?

Mwalimu_Hadubini

Hatujambo, mwanangu. Hapana, spirulina hana kiini. Ni sayanobakteria, kwa hiyo nafasi yake ni katika himaya ya Monera pamoja na bakteria wengine, hata kama anafanya usanisinuru na hata kama watu wote pale ziwani humwita mwani. Katika mtihani, kiini ndicho kipimo cha kwanza; rangi ya kijani si kipimo. Hata hivyo flamingo mdogo hula pia dayatomu, hasa ziwa linapobadilika na spirulina kupungua, na dayatomu ni protista kamili, kwa hiyo umenipa njia ya kuingia awamu ya tatu.

Dayatomu ni mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika, madini yale yale ya kioo, lenye vipande viwili vinavyoingiana kama kikopo na kifuniko chake. Kila seli inapojigawa, kila mtoto huchukua kipande kimoja na kukifanya kifuniko, kisha hujitengenezea kipande cha chini, hivyo yule aliyerithi kipande kidogo huwa mdogo kuliko mzazi, na ukoo huendelea kupungua ukubwa mpaka uzazi wa kijinsia urudishe kimo cha awali. Inakadiriwa kwamba takriban sehemu moja ya tano ya usanisinuru wote duniani hufanywa na hawa. Wakifa maganda yao huzama na kurundikana. Mkipita barabara ya Nakuru, baada ya Gilgil, mtaona Kariandusi miamba myeupe inayochimbwa. Weupe huo wote ni maganda ya dayatomu wa ziwa lililokuwa kubwa zamani, na hapo hapo ndipo Louis Leakey alipopata mashoka ya mawe ya watu wa kale. Unga wake hutumiwa kuchujia vinywaji, na ukichanganywa na nafaka huwaua wadudu waharibifu kwa kukwangua nta ya ngozi yao hadi wakauke.

Dinoflajeleti nao wana mijeledi miwili, mmoja ukiwa umezunguka kiunoni, na hivyo huogelea kwa kujizungusha. Wengine hung'aa baharini usiku, wengine wakizidi huyageuza maji mekundu na kuwatia sumu chaza na samaki, na wengine huishi ndani ya matumbawe na kuyalisha kwa sukari. Maji yalipopata joto kupita kiasi mwaka 1998, matumbawe ya pwani yetu yaliwapoteza wapangaji hao, yakageuka meupe, na sehemu kubwa ikafa. Hawa, mkiamini msiamini, ni ndugu wa karibu wa apikompleksa na wa paramesiamu.

Mwani mwekundu, ambao akina mama wa Kibuyuni kule Kwale huupanda kwenye kamba na kuuanika, hauna mijeledi katika hatua yoyote ya maisha yake. Hutoa karajinani inayokoleza maziwa ya viwandani, na jamaa zake hutoa agari ambayo maabara huoteshea bakteria. Mwani wa kijani ndio ukoo uliozaa mimea yote ya nchi kavu. Wenye seli moja kama klamidomonasi, wenye makoloni kama volvoksi na wenye majani mapana wote wamo, na mpaka kati yao na mimea huwekwa kwa makubaliano zaidi kuliko kwa maumbile.

Shamba_la_Kinangop

Mimi ninaishi Kasarani lakini viazi vyangu viko Kinangop. Mwalimu ulitaja mkulima wa viazi mwanzoni ukanyamaza. Tunanyunyizia dawa ya ukungu kila msimu wa baridi na mvua, na bado blaiti inaweza kuumaliza mtaa mzima kwa wiki moja. Je, blaiti si ukungu?

Mwalimu_Hadubini

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipokuwa nikielekea. Kiumbe anayeleta blaiti, Phytophthora infestans, hutambaa kwa nyuzi, hutoa spora na hufyonza chakula kutoka katika jani, kwa hiyo watu walimhesabu kuwa kuvu kwa muda mrefu. Lakini ukuta wa seli yake umejengwa hasa kwa selulosi, kama ule wa mimea, wala si kitini, kama ule wa kuvu, na katika baridi yenye unyevu spora zake hutoa vijidudu vyenye mijeledi miwili vinavyoogelea katika umande juu ya jani. Kuvu walio wengi hawafanyi hivyo. Ndugu zake wa kweli ni dayatomu na mwani wa kahawia. Kuanzia mwaka 1845 aliangamiza viazi vya Ireland, na watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, huku wengine zaidi ya milioni wakihama.

Kwa shamba lako maana yake ni hii: dawa nyingi za ukungu huua kwa kuzuia utengenezaji wa ergosteroli, aina ya mafuta iliyo katika utando wa kuvu, na blaiti haitengenezi ergosteroli, kwa hiyo dawa ya jamii hiyo inayofaa kutu ya ngano haina la kufanya kwa viazi vyako. Mankozebu hufanya kazi kwa sababu hushambulia sehemu nyingi kwa pamoja, lakini inakaa juu ya jani tu, hivyo lazima itangulie ugonjwa. Metalaksili huingia ndani ya mmea na inawalenga hasa jamii hii, ila wamekuwa sugu kwayo katika maeneo mengi ilikotumiwa peke yake mfululizo. Soma jina la kemikali kwenye kibandiko, si picha ya jani iliyochorwa mbele ya pakiti.

Katika fungu hilo la wanaofanana na kuvu wapo pia ukungu-ute, wanaoonekana kama ute wa njano kwenye magogo yanayooza, hata katika msitu wa Karura baada ya mvua. Hao wana undugu na amiba. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mmoja wao, Physarum, asiye na ubongo, aliweza kupata njia fupi kati ya vyakula viwili vilivyowekwa katika vichochoro. Sina mengi ya kuwaongezea kuhusu hao.

Mama_Donholm

Nawasalimu nyote. Swali langu ni la nyumbani. Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, na siku nyingine tunanunua ya lori. Tunatia klorini. Mwanangu ameshaambiwa mara kadhaa kliniki kwamba ana ameba. Je, klorini haiui protista hawa?

Benchi_la_Maabara

Mama, pole kwa hayo. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na nitakujibu kwa upande wa kazi yangu.

Klorini inawaua bakteria wengi upesi, lakini vimelea hawa hutoka mwilini wakiwa wamejifungia. Giardia na ameba hutoka wakiwa sisti, yaani ndani ya ganda la kujikinga, nazo huivumilia klorini kuliko bakteria. Kriptosporidiamu huivumilia zaidi ya wote. Mwaka 1993 katika mji wa Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kriptosporidiamu kwa maji ya mfereji yaliyokuwa yametiwa klorini. Na katika utafiti mkubwa wa kuhara kwa watoto uliofanywa katika nchi 7 za Afrika na Asia, Siaya ikiwa mojawapo ya vituo vyake, na kutangazwa mwaka 2013, huyu alikuwa miongoni mwa sababu kuu kwa watoto wachanga. Kuchemsha huwaua wote. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 94, lakini kiwango hicho kinatosha. Yaache yatokote kwa dakika chache kisha uyahifadhi katika chombo chenye kifuniko.

Kuhusu neno ameba, linatolewa kwa urahisi kupita kiasi. Entamoeba histolytica, anayeleta kuhara damu na majipu ya ini, ana pacha wake asiye na madhara, Entamoeba dispar, na sisti zao hazitofautiki kwa hadubini. Kumwona kimelea aliye hai akiwa na chembe nyekundu ndani yake, au kupata kipimo cha antijeni, yaani protini za kimelea mwenyewe, ndiko kunakonipa uhakika. Sisti peke yake kwa mtoto asiyeumwa si sababu ya kurudia dawa ya metronidazoli kila mwezi. Na kwa ambaye kweli ana histolytica, metronidazoli humwua kimelea aliye katika mwili, lakini mara nyingi huziacha sisti za utumbo, kwa hiyo daktari huongeza dawa ya pili inayofanya kazi ndani ya utumbo wenyewe. Ukienda kliniki tena, uliza walichokiona hasa: sisti, au kimelea anayetembea.

Mwanafunzi_wa_Mwisho

Asanteni sana. Sasa nikiulizwa katika mtihani nitaje aina kuu za protista, niandike zipi? Na je, naweza kuwaona bila kwenda chuo kikuu?

Mwalimu_Hadubini

Mtihani unakutaka utaje sifa za himaya na mifano, kwa hiyo andika mafungu ya kitabu na ueleze lishe na mwendo wa kila mfano. Utapata alama zako. Ukipewa nafasi ya maelezo, ongeza koo: ukoo wa silika na selulosi wenye dayatomu, mwani wa kahawia na blaiti, ukoo wa wenye silia, dinoflajeleti na apikompleksa, ukoo wa yuglena na tripanosoma, ukoo wa mwani mwekundu na wa kijani pamoja na mimea, ukoo wa foraminifera na jamaa zake, na ukoo wa amiba na ukungu-ute, ambao hauko mbali na kuvu na wanyama. Swali la pili namwachia mwenye benchi.

Benchi_la_Maabara

Hadubini ya shule inatosha, hata ile inayokuza mara 100 tu. Chemsha nyasi kavu kidogo katika maji, yaache yapoe, kisha tia vijiko vichache vya maji ya bwawa pamoja na matope yake na uweke dirishani pasipo jua kali. Ukitumia maji ya mfereji, yaache wazi usiku kucha kwanza ili klorini ipungue. Baada ya siku chache juu kutafanyika utando mwembamba wa bakteria, nao huvutia wenye mijeledi wadogo, kisha wenye silia kama paramesiamu. Chukua tone karibu na utando huo, na uweke nyuzi mbili tatu za pamba juu ya kioo kabla ya kulifunika, la sivyo watakupita mbio usiwaone vizuri. Amiba usimtafute juu. Mnyonye kwa kidonezi kutoka kwenye matope ya chini, na upunguze mwanga wa hadubini, kwa kuwa karibu hana rangi. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.